Alama Chini ya Nyumba za Ndege

Rehani wa Kinole alikuwa na miaka kumi katika useremala. Alikwisha kutengeneza vitanda, milango, mizinga ya nyuki na hata jeneza la Mjerumani mmoja aliyekufa kwa homa, lakini hakuwahi kusikia mtu akimjengea ndege nyumba. Kwa hiyo siku aliyoagizwa ajenge nyumba hizo, tena si moja bali ishirini na nne, alisimama barazani kwa Mzungu akitabasamu, akingoja aambiwe kwamba ulikuwa mzaha. Hakuambiwa.

Mzungu mwenyewe alikuwa na jina lililowashinda watu wote kulitamka, wakamwita Bwana Kabichi kwa sababu ya shamba lake la mboga. Shamba lilikuwa chini ya mlima, mwendo wa nusu saa kutoka stesheni ya Morogoro, na huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu gari la moshi lifike. Kabichi zake zilikuwa zinaliwa na viwavi mpaka zinabaki mishipa mitupu. Kwao Ulaya, alieleza kupitia kwa mpishi wake Yunusi, mwenye bustani hutundika visanduku mitini, ndege wakaingia wakazaa, na kwa kuwalisha makinda wao wakawamaliza viwavi. Yunusi, mtu wa Bagamoyo aliyezoea mambo ya Wazungu, alitafsiri yote hayo bila kupepesa jicho.

"Kwani ndege wa kwao hawajui kujenga?" aliuliza Rehani.

Yunusi alimjibu kwamba hajamwuliza Bwana swali hilo na wala hana nia ya kumwuliza.

Bwana Kabichi akachukua rupia, akailaza juu ya ubao, akaizungushia penseli. Tundu la mlango liwe kiasi hicho, si zaidi. Kisanduku chenyewe kiwe kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na juu kiwe na kifuniko cha bawaba ili yeye aweze kuchungulia. Rehani alikwenda nyumbani na vipimo hivyo kichwani, na kila alivyovigeuza havikumwingia akilini. Ingekuwa mtego, ingekuwa na kitanzi. Ingekuwa tundu la kufugia, ingekuwa na vijiti mbele. Kwa jinsi mlango ulivyokuwa mdogo na ndani palivyokuwa na giza, kitu kile kilikuwa mzinga wa nyuki uliokosewa umbo, na Rehani akaamua moyoni kwamba Mzungu anataka asali ila anaona haya kusema.

Sasa, katika milima ile mizinga haitundikwi ovyo. Kila mti mkubwa una ukoo wake, na kila mzinga una alama chini yake, iliyochongwa kwa kisu, ya ukoo wa mwenye mzinga. Nao ukoo ni wa mama, maana kwa Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Ukitundika mzinga wenye alama yako umesema mti huu ni wetu, na huhitaji kusema neno jingine. Ukitundika usio na alama ni vibaya zaidi, kwa sababu hapo wewe ni mwizi au ni mchawi, na watu watauteremsha wauchome moto. Rehani alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana alirudi kumwuliza Bwana Kabichi alama ya kwao ni ipi. Bwana alifikiri kidogo, akaleta rangi nyeupe, akasema aviandike visanduku namba, moja mpaka ishirini na nne. Rehani alizitazama namba zile akaona ni za kuhesabia tu, hazina mama wala bibi.

Ndipo alipofanya lile jambo. Kila alipomaliza kisanduku alikipindua, na kisu chake kikachonga chini yake kile kilichozoea kuchonga kwa miaka kumi, mistari miwili na mwezi mchanga katikati, alama ya kwa mama yake kule Kinole. Hakukaa chini akafikiri. Ungemwuliza siku ile angekujibu kwamba kazi haijaisha mpaka iwe na alama, na angekushangaa kwa kuuliza.

Visanduku kumi na viwili vilitundikwa ndani ya bustani, bila neno. Vilivyobaki Bwana Kabichi alitaka viwekwe juu ya bustani, kwenye mikuyu na mivule mikubwa iliyofuata kijito, kwa kuwa aliona ndege hutokea huko. Hapo Rehani alishuka ngazi akakuna kichwa. Miti ile ilikuwa ya ukoo wa mkewe, Mwanaheri. Yeye Rehani, kama mwanamume yeyote aliyeoa huko, alihamia kwa mke, akalima ardhi ya ukoo wa mke, akaishi chini ya mjomba wa mke, Pazi, ambaye ndiye aliyeushika ukoo ule. Mume ni mgeni, na mgeni akichosha huviringishiwa mkeka wake. Alimwuliza Yunusi kama Bwana amezungumza na Mjomba Pazi kuhusu miti. Yunusi alisema Bwana hazungumzi na watu kuhusu miti, na akamwonyesha kwa kidevu kiboko kilichoning'inia nyuma ya mlango. Rehani akapanda.

Jioni ile Mwanaheri alimwuliza kama amemwarifu mjomba. Rehani akamwambia hakuna haja, si mizinga. Mwanaheri, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitano na subira ndogo, akamwuliza kama si mizinga ni nini basi.

Mjomba Pazi alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa hasira na mzito wa kusahau. Siku ya tatu alipita kijitoni, akaviona visanduku, akapanda mvule mwenyewe pamoja na umri wake wote, akapapasa chini ya namba kumi na tano. Alama aliyoikuta haikuwa ya kwao. Asubuhi iliyofuata watu wazima wa ukoo walikuwa wamekaa uani kwake, na Rehani ameketishwa mbele yao juu ya kinu kilicholazwa, kwa kuwa hapakuwa na kigoda cha ziada, au labda kilikuwapo.

"Shikamoo, mjomba," alisema Rehani.

Pazi hakuitikia. Alimwuliza ni miti mingapi aliyoichukulia ukoo wa mama yake. Rehani alisema hakuchukua mti hata mmoja, zile ni nyumba za ndege. Ua mzima ulicheka, na mzee mmoja akauliza ni lini ndege wa Uluguru walikwenda kulalamika kwamba hawana pa kulala. Rehani akaeleza habari za kabichi, na viwavi, na makinda ya Ulaya, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyosikia jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kipuuzi. Angekuwa yeye amekaa upande wa wazee, asingeamini.

"Mzungu hana alama yako," alisema Pazi. "Alama umeichonga wewe. Nani alikuambia uichonge?"

"Hakuna, mjomba. Mkono tu."

"Mkono wako una akili kukuzidi."

Akatoa uamuzi wake. Visanduku visiguswe, kwa sababu aliyevigusa angekutana na kiboko cha Mzungu, na hakuna aliyekihitaji. Lakini kama zile kweli ni nyumba za ndege, basi ndege aingie, azae humo, na yeye Pazi amwone kwa macho yake kabla mahindi ya vuli hayajaiva. Akimwona, atakubali kwamba alama ile haina maana yoyote. Wakiingia nyuki, au asipoingia yeyote, basi ni mizinga ya kunyakulia miti, na Rehani atachukua msumeno wake na randa yake arudi Kinole. Mwanaheri angebaki, na mtoto aliye tumboni angebaki, maana mtoto ni wa kwao. Hilo la mwisho Pazi alilisema bila ukali, kwa kuwa lilijulikana, na ndilo lililomwumiza Rehani kuliko yote.

Basi mtu ambaye mwezi uliopita hakuamini kwamba ndege anahitaji nyumba akaanza kuzunguka chini ya miti akiwabembeleza ndege waingie. Ndege walitua juu ya vifuniko, wakanya, wakaruka. Mjusi mmoja alihamia namba ishirini na moja akanenepa. Ndani ya namba kumi na tisa Rehani alisikia mvumo, akapanda. Walikuwa nyuki wachache, wale wanaotangulia kukagua. Aliwafukiza kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kazi ambayo hajawahi kuifanya fundi mizinga yeyote tangu dunia iumbwe, kuwafukuza nyuki, na alipokuwa akishuka alijiona amechanganyikiwa kabisa.

Alimwendea Bwana Kabichi kumwuliza ndege wataingia lini. Kumbe Bwana naye alikuwa hana raha. Kila asubuhi alifungua kifuniko kimoja kimoja, akachungulia, akaandika katika kitabu, na kila siku aliandika jambo lile lile. Kwao, alisema, visanduku vingekuwa vimejaa. Alimtazama Rehani kana kwamba Rehani ndiye mkubwa wa ndege wa hapa na angeweza kuwapa amri. Wakasimama pale wawili hao, kila mmoja akitarajia mwenzake ajue.

Aliyejua ni Mwanaheri. Siku moja alipanda kijitoni kuchota maji, akatua mtungi, akatazama juu muda mrefu, tumbo mbele na mikono kiunoni. Akamwuliza mumewe kwa nini milango yote inaelekea bondeni. Rehani alisema Bwana alitaka aione akiwa barazani. Mwanaheri akasema mvua za vuli zote hutoka huko, zinapiga moja kwa moja ndani, na yeye kwa hali aliyonayo hangekubali kuzalia mahali pa namna hiyo hata kama angejengewa na Kaisari.

Siku hiyo hiyo Rehani aligeuza namba kumi na tano ielekee mlimani. Hakumwambia Bwana. Baada ya siku sita akaona ndege mdogo mweusi, mwenye baka jeupe begani, ambaye hata jina lake hakulijua, akiingia na nyuzi za mgomba mdomoni. Rehani alikaa chini kwenye majani mabichi, akalia kidogo, akajifuta, akatazama kama kuna mtu aliyemwona.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka ndevu alipomwita Mjomba Pazi. Walikaa chini ya mvule tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Ndege mweusi alikuja na kiwavi, akaingia, na ndani zikasikika sauti nyembamba nyingi. Akatoka. Akaja mwingine, labda mkewe, naye na kiwavi. Pazi aliwahesabu mpaka wakafika safari kumi na saba. Kisha akacheka, jambo ambalo Rehani hakuwahi kuliona, akasema Wazungu ni watu wa ajabu na kumbe hawakusema uongo.

Jioni aliwakusanya watu uani. Alimtaka Rehani asimame, aseme mwenyewe mbele ya wote, na kwa kiapo, kwamba alama iliyo chini ya visanduku haina maana, haidai mti wala jani. Rehani aliapa. Aliapa kwa furaha, kwa sauti, mara mbili, na Mwanaheri akiwa mlangoni alicheka mpaka akashika tumbo. Safari hii kigoda kilipatikana.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi alikuja mpimaji, Mjerumani mwenye kofia ya jua, na askari wawili, na mnyororo mrefu, na mzigo wa vigingi. Bwana Kabichi alikuwa ameomba aongezewe shamba. Sheria ya wakati ule, kama Yunusi alivyowaelezea watu waliokusanyika, ilisema ardhi isiyo na wenyewe ni ya serikali, na serikali humpa anayeitumia. Yenye wenyewe huachwa. Mpimaji aliuliza mpaka ufike wapi. Bwana Kabichi akanyoosha mkono juu, kuelekea kijitoni, kwenye namba nyeupe zilizoonekana tangu chini, kumi na tatu mpaka ishirini na nne. Alisema miti ile anaitumia yeye. Ana nyumba za ndege wake pale, na zimeandikwa.

Rehani alielewa sasa, na alitamani asingeelewa. Mjomba Pazi alikuwa sahihi tangu mwanzo, kitu kinachotundikwa mtini ni dai. Alikosea tu mdai ni nani. Na aliyepanda ngazi akalitundika dai hilo, mti baada ya mti, kwa nyundo yake mwenyewe, alikuwa yeye.

Pazi alisogea mbele akasema miti ina wenyewe, ni ya ukoo wake tangu mababu. Mpimaji, kupitia kwa Yunusi, aliuliza iko wapi ishara yao. Mizinga ya ukoo ilikuwa juu zaidi mlimani. Kijitoni hapakuwa na mzinga hata mmoja, na wote walilijua hilo. Mpimaji akawaamuru askari wakunjue mnyororo.

"Mwambie atazame chini," alisema Rehani.

Yunusi alimwuliza chini ya nini.

"Chini ya visanduku. Mwambie huku kwetu mti una alama ya mwenyewe."

Askari mmoja alipandishwa akakiteremsha namba kumi na tatu. Mpimaji akakipindua. Mistari miwili na mwezi mchanga. Akaagiza namba kumi na nne, ikawa vile vile, na ishirini, na ishirini na nne. Namba kumi na tano Bwana Kabichi mwenyewe alikataa isiteremshwe, kwa sababu ya makinda, kwa hiyo askari aliipapasa palepale mtini akasema naam, ipo. Bwana Kabichi alikigeuza kisanduku mikononi kama mtu aliyeona maandishi kwenye kiatu chake. Akamwuliza Rehani hiki ni nini. Rehani akamwambia ni alama ya wenye mti. Wamemkubalia ndege wake akae, kama mgeni.

Mpimaji akauliza alama ni ya nani.

Rehani alikuwa ameapa, siku tisa tu zilizopita, kwamba alama ile haina maana, na sasa amesema mbele ya serikali kwamba ndiyo hati ya miti kumi na miwili. Akisema ni ya kwa mama yake amesema kweli, na miti imekwenda Kinole. Akinyamaza, miti imekwenda kwa Bwana Kabichi. Hakujua tena kiapo ni kipi na uongo ni upi. Alimtazama Mwanaheri, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanawake wengine, mkono mgongoni. Kisha akanyoosha kidole kwa Mjomba Pazi.

"Ya huyu," alisema.

Yunusi, aliyekaa kule miaka ya kutosha na kujua mengi kuliko aliyoyasema, alitafsiri bila kupepesa jicho. Watu wote wa ukoo walimtazama Pazi. Alikitazama kisanduku, ile mistari, ule mwezi wa watu wa Kinole, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anameza kitu kikubwa kuliko koo lake.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Ni yetu. Ya lukolo letu, ukoo wetu. Toka mababu."

Mpimaji akaandika, na hata alama akaichora katika karatasi yake. Vigingi vikapigwa chini ya kijito, kwenye ukingo wa kabichi za zamani. Bwana Kabichi alipanda mara kwa mara kuwachungulia ndege wake, naye kila mara aliomba ruhusa kwa Pazi, akivua kofia, jambo lililowatatanisha watu kuliko yote yaliyotangulia.

Pazi hakumsemesha Rehani mwezi mzima. Mwanaheri alijifungua mtoto wa kike. Siku ya saba baada ya hapo Pazi alikuja kwenye karakana amebeba mzinga mpya begani, akauweka chini, akajifuta jasho. Rehani aliacha randa akamwamkia. Pazi aliitikia, halafu akatazama pembeni. Alisema alama iko kwenye karatasi ya serikali, haitoki tena, na mpimaji anaweza kurudi wakati wowote kulinganisha. Mizinga yote ya ukoo itabidi ichongwe upya. Alitoa kisu kiunoni akaupindua mzinga.

"Mnaanza na mistari," aliuliza, "au mnaanza na mwezi?"

"Mistari, mjomba. Mwezi mwisho."

Rehani alimshika mkono akamwonyesha pa kuanzia. Pazi alichonga mstari wa kwanza ukaenda upande, akaguna, akachonga wa pili ukakaa sawa. Kabla ya kuuanza mwezi alisimamisha kisu.

"Mtoto bado ni wetu," alisema.

"Ndiyo, mjomba," alisema Rehani.